Ubingwa Bobezi wa Radiolojia Marekani Bila Mwaka wa Feloshipu: Mwongozo Kamili

Swali hili huniingilia kwenye simu usiku, na anayeuliza karibu kila mara ni wa aina moja. Ni daktari kijana kutoka kwetu, yuko mwaka wa pili wa rezidensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) ya radiolojia Marekani, ana mke na mtoto mchanga, na nyumbani kuna ndugu waliomchangia nauli ambao bado wanangoja kuona matunda. Wakubwa wake kazini wamemwambia kwamba radiolojia bila feloshipu ni nusu ya kazi. Feloshipu ni mwaka mmoja zaidi kwa posho ya mwanafunzi. "Kaka, hakuna namna nyingine?"

Namna zipo, ila hazifanani, na mojawapo ina mlango unaofungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Nitaanza na jambo ambalo wengi huliruka.

Hatua ya 1: Hakikisha cheti unachokiwinda kipo

American Board of Radiology, ambayo sote tunaiita ABR, ilianzishwa mwaka 1934 na ofisi zake ziko Tucson, Arizona. Ndiyo inayotoa cheti cha msingi cha radiolojia ya uchunguzi. Juu ya cheti hicho, ubingwa bobezi wa kusoma picha ni wa aina tatu tu: radiolojia ya ubongo na mishipa ya fahamu, radiolojia ya watoto, na radiolojia ya nyuklia, ile inayotumia dawa za mionzi.

Matiti, moyo, kifua, tumbo, mifupa na misuli havimo. Aliyemaliza mwaka mzima wa feloshipu ya mifupa na misuli ana barua nzuri kutoka hospitali aliyosomea, na waajiri wanaiheshimu, lakini ukilitafuta jina lake kwenye orodha ya ABR utakuta cheti kilekile cha msingi ulicho nacho wewe. Sisemi mwaka wake ulipotea. Amesoma picha nyingi chini ya macho ya wakubwa, na hilo halinunuliwi. Ninachosema ni kwamba kwa fani hizo hakuna cheti cha ABR ulichokikosa, basi usijione umenyimwa kitu ambacho hakuna aliyepewa.

Radiolojia ya tiba, ile ya kuingiza waya na katheta kwenye mishipa, imebadilika kabisa. Mwaka 2012 ilitambuliwa kuwa fani ya msingi inayojitegemea, na feloshipu zake za zamani zikafungwa katikati ya mwaka 2020. Siku hizi anayeitaka anaingia kwa rezidensi: miaka 5 baada ya mwaka wa intaneshipu, au anamaliza rezidensi ya uchunguzi kisha anaongeza rezidensi nyingine ya miaka 2. Hiyo miaka 2 hupungua ikawa mmoja kwa aliyepitia mpango wa ESIR, yaani aliyekusanya rotesheni za tiba na taratibu 500 tangu akiwa rezidenti wa uchunguzi. Ukisikia mtu anatafuta "feloshipu ya IR Marekani", ujue anasoma ramani ya zamani.

Kwa ubongo na kwa watoto, njia ya kawaida ni mwaka wa feloshipu iliyoidhinishwa na ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya madaktari Marekani. Kama moyo wako uko huko, nenda ukausome mwaka huo bila kinyongo. Muda utakaoutumia kutafuta uchochoro utazidi mwaka wenyewe.

Imebaki nyuklia.

Hatua ya 2: Miezi 16 ndani ya 48

Rezidensi ya radiolojia ya uchunguzi ni miezi 48. Kila rezidenti, apende asipende, hupitia saa 700 za nyuklia, ambazo ni kama miezi 4. Njia ninayoizungumzia inasema hivi: ukipanga rotesheni zako hadi nyuklia ifike miezi 16 ndani ya ile 48, unastahili kuomba mtihani wa ubingwa bobezi wa radiolojia ya nyuklia bila kuongeza hata siku moja baada ya rezidensi. Mwenzako aliyefuata njia ya feloshipu atafika kwenye mtihani uleule mwaka mmoja baada yako.

Sharti lake kubwa ni mahali. Hospitali unayosomea lazima iwe na programu iliyoidhinishwa ya radiolojia ya nyuklia au ya tiba ya nyuklia. Hospitali nyingi hazina. Kama hujaanza rezidensi, hili ni swali la kuuliza kwenye usaili, na uliulize waziwazi: "Je, mna rezidenti aliyewahi kumaliza njia ya miezi 16 hapa? Naweza kuzungumza naye?" Mkurugenzi wa programu akijibu kwa kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Sasa fanya hesabu. 48 ukitoa 16 inabaki 32. Ndani ya 32 hiyo lazima uingize miezi 3 ya matiti, ultrasound, watoto, dharura za usiku, ubongo, mifupa, likizo, na muda wa kujiandaa kwa mtihani mkuu wa ABR unaofanywa baada ya miezi 36. Hiyo miezi 12 ya ziada ya nyuklia itakula rotesheni zote za hiari ulizotaka kuchagua mwaka wa nne. Ulikuwa unaota miezi mitatu ya MRI ya moyo? Isahau. Ndiyo maana nasema njia hii haifai kwa mtu asiyeipenda nyuklia. Inamfaa yule ambaye angeichagua hata kama hakuna cheti.

Ratiba inayofanya kazi, kwa nilivyoona, ni hii. Mwaka wa kwanza, onja mwezi mmoja wa nyuklia na umalize bila kusema neno kwa mtu. Ukitoka na hamu, nenda kwa mkurugenzi wa programu kabla mwaka huo haujaisha. Usingoje mwaka wa tatu, kwa sababu ratiba za marezidenti wote hupangwa kwa pamoja na kukuhamisha wewe kunamgusa mwenzako anayelala zamu. Beba karatasi moja yenye jedwali la miezi 48, nyuklia umeipaka rangi, na rotesheni zote za lazima zinaonekana. Mkuu wa kitengo cha nyuklia awe ameshakubali kabla hujaingia mlango wa mkurugenzi. Mwaka wa pili na wa tatu weka nyuklia kidogokidogo, halafu sehemu kubwa ije baada ya mtihani mkuu, ukiwa umetua mzigo.

Mwombe mkurugenzi awasiliane na ABR kwa maandishi kuhusu jina lako na ratiba yako, na nakala uipate wewe. Kauli ya mdomo ni tamu, ila wakurugenzi hubadilika.

Miezi hiyo yenyewe ikoje

Wengi hudhani nyuklia ni kukaa gizani na kutazama picha zenye madoa. Saa moja na nusu kabla ya mgonjwa wa kwanza, fundi yuko kwenye chumba cha dawa za mionzi na jenereta. Jenereta ni ndoo nzito yenye ngao ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, na ndani yake kuna molibdenamu-99 inayozaa teknetiamu-99m. Fundi anachomeka kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja na kichupa kisicho na hewa upande wa pili. Maji yanavutwa kupita ndani na kutoka na teknetiamu. Sauti ni ya mvuto mdogo tu, kama mtu anamalizia soda kwa mrija.

Hapo ndipo rezidenti wa miezi 16 anapotofautiana na wa miezi 4. Wa miezi 4 anakuja saa mbili asubuhi, anakuta sindano ziko tayari. Wewe uko pale, unapima kama molibdenamu imevuja ikaingia kwenye dawa. Kipimo cha juu kinachoruhusiwa ni mikrokyuri 0.15 za molibdenamu kwa kila milikyuri moja (vyote ni vipimo vya mionzi) ya teknetiamu, wakati dozi inapoingia mwilini. Na kwa kuwa teknetiamu hupungua nusu kila saa 6 na molibdenamu hupungua nusu kwa saa 66, dawa iliyofaulu saa moja asubuhi inaweza kufeli jioni ingawa hakuna aliyeigusa. Swali la aina hii lipo kwenye mitihani, na waliowahi kulifanya kwa mikono hawalikosei.

Halafu kuna tiba. Mgonjwa wa Graves, ambaye tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, anakuja kumeza kidonge cha iodini-131. Kidonge kiko ndani ya kichupa, kichupa ndani ya kopo la risasi, na wewe ndiye unayesoma agizo la maandishi, unayemuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, unayehakikisha mwanamke ana majibu ya kipimo cha ujauzito na hanyonyeshi. Unamweleza atalala wapi, atakaa mbali na watoto kwa siku ngapi, na choo atakitumiaje. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kuendelea kumpikia mumewe. Mafunzo yangu yote ya fizikia hayakuwa yamenitayarisha kwa swali lile, na lilikuwa swali zuri kuliko mengi ya mtihani.

Tangu dawa ya Lutathera iidhinishwe na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwezi Januari 2018 na Pluvicto mwezi Machi 2022, tiba za lutetiamu-177 zimeifanya nyuklia itafutwe upya. Pluvicto ni ya saratani ya tezi dume, na ugonjwa huo hauhitaji kuutambulisha kwa msomaji wa kwetu. Hospitali zinatafuta madaktari wenye kibali cha kutoa dawa hizi, na kibali hicho ni suala tofauti na cheti.

Cheti kimoja, kibali kingine

Hapa watu huumia, nami niliumia.

ABR hutoa cheti. Ruhusa ya kuagiza na kutoa dawa za mionzi inatoka kwa tume ya nyuklia ya Marekani, NRC, au kwa jimbo lililokabidhiwa kazi hiyo. Jina lako linaandikwa kwenye leseni ya hospitali kama mtumiaji aliyeidhinishwa. Kwa picha za kawaida za nyuklia, kanuni inadai saa 700 za mafunzo na uzoefu, zikiwemo saa 80 za darasani na maabara. Kwa iodini-131 ya kunywa kuna vifungu viwili, chini na juu ya milikyuri 33, na kila kimoja kinadai saa 80 na wagonjwa 3 uliowahudumia chini ya msimamizi. Kwa kibali kipana cha tiba, kile kinachogusa lutetiamu, saa ni 700, lakini 200 kati yake ziwe za darasani na maabara, na wagonjwa 3 kwa kila kundi unaloomba.

Yote hayo yanathibitishwa na msimamizi wako kwenye fomu za NRC za mfululizo wa 313A. Nilipomaliza nilifikiri fomu zitajazwa nitakapopata kazi. Miaka miwili baadaye kazi ikaja, ofisi ya vibali ya hospitali ikaniomba hati, na msimamizi wangu alikuwa amestaafu, barua pepe ya kazini imefungwa, amehamia jimbo lingine karibu na ziwa anavua samaki. Nilimpata kupitia binti yake. Ilinichukua miezi minne, na muda wote huo nilikuwa nasoma CT za tumbo huku wagonjwa wa tezi wakipelekwa mji mwingine.

Basi jifunze kwangu. Wiki ya mwisho ya rezidensi, kabla ya sherehe, kaa na msimamizi, jazeni fomu, asaini, aweke tarehe. Chukua nakala tatu: moja ya karatasi, moja kwenye barua pepe yako binafsi (ile ya hospitali hufungwa siku unayoondoka), moja kwa mtu unayemwamini.

Hatua ya 3: Daftari

Uwe kwenye njia ya miezi 16 au nyingine yoyote, daftari la kesi ndilo litakalokutetea. Kila jioni andika tarehe, aina ya kipimo, dawa na dozi kama ipo, msimamizi, na jukumu lako: ulitazama, ulisaidia, au ulifanya mwenyewe. Usiandike jina la mgonjwa wala namba yake ya faili. Sheria ya faragha ya Marekani haina utani, na daftari hili utatembea nalo miaka mingi. Lahajedwali ya kawaida inatosha. Nimeona watu wakinunua programu za bei mbaya kisha wakaacha kuzijaza wiki ya tatu.

Kila baada ya miezi mitatu, chapisha ukurasa wa jumla na umpelekee msimamizi asaini. Saini ya miezi mitatu iliyopita ni rahisi kupata. Ya miaka mitatu iliyopita ni ombi la hisani.

Hatua ya 4: Kama rezidensi imeshaisha

Basi mlango wa miezi 16 umefungwa, lakini usiondoke. Kuna vyeti na sifa ambazo si za ABR ila zina uzito wake kazini, na kadhaa havidai feloshipu.

Mamografia ndiyo iliyo wazi zaidi. Marekani ina sheria ya mwaka 1992 ya ubora wa mamografia, MQSA, na hiyo ndiyo inayoamua nani asome picha za matiti. Mwenye cheti cha msingi cha ABR anahitaji saa 60 za masomo ya mamografia, na awe amesoma mamografia 240 chini ya msimamizi katika miezi 6. Anayeongeza teknolojia mpya, kwa mfano tomosinthesisi (picha za titi tabaka kwa tabaka), anahitaji saa 8 za mafunzo yake. Baada ya hapo unalinda sifa yako kwa kusoma 960 kila miezi 24 na kupata alama 15 za elimu endelevu kila miezi 36. Wengi wa marezidenti hutimiza mwanzo wa haya ndani ya rezidensi, kisha wanaacha na namba zinalala. Ukiwa unapenda matiti, kubali kazi ya kwanza yenye mamografia nyingi, hata kama mji wenyewe ni wa baridi na hauna unga wa ugali. 960 kwa miaka miwili ni kama 40 kwa mwezi, idadi ambayo kliniki ndogo yenye shughuli huimaliza kwa siku chache.

Mishipa ya damu: chombo kiitwacho APCA hutoa cheti cha RPVI kwa madaktari wanaosoma ultrasound ya mishipa. Sharti linalobeba uzito ni vipimo 500 vilivyoandikwa kwenye rekodi. Rezidenti mwenye daftari zuri huenda tayari yuko karibu kuliko anavyojua, na asiye na daftari anaanza sifuri.

Moyo: CT ya moyo na nyuklia ya moyo zina mitihani yake, CBCCT na CBNC, nayo inapokea wataalamu wa radiolojia waliopata uzoefu unaotakiwa bila kupitia feloshipu ya moyo. Soma viwango vya idadi ya kesi vya mwaka unaoomba, kwa sababu hubadilika. Kwa kupata kesi za kuanzia, kozi fupi za ACR Education Center, kituo cha chama cha wataalamu wa radiolojia Marekani kilichoko Reston, Virginia, ni nzuri: siku chache, kila mtu na kompyuta yake, kesi baada ya kesi. Usizitangaze kama feloshipu kwenye wasifu wako. Waajiri wanaijua tofauti, nao hucheka.

Informatiki ya tiba: hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wale ambao kila PACS (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi picha) ikigoma wao ndio wanaoitwa. Ni ubingwa bobezi unaotambuliwa kitaifa tangu 2011, mtihani wa kwanza ulifanywa 2013, na mlezi wake ni American Board of Preventive Medicine. Mwenye cheti cha ABR anaruhusiwa kuuomba. Pamoja na feloshipu iliwekwa njia ya uzoefu: miaka 3 ya kazi ya informatiki ndani ya miaka 5, angalau robo ya muda wako wa kazi. Dirisha hilo liliwekewa ukomo tangu mwanzo, likaongezwa zaidi ya mara moja. Kabla hujatumia senti, andikia bodi hiyo uulize kama linapokea maombi mwaka huu. Likiwa wazi, kazi ngumu ni kuthibitisha robo ya muda. "Husaidia sana kwenye kompyuta" haihesabiki. Barua ya mkuu wa idara inayosema ulikuwa na siku moja na robo kila wiki kwa ajili ya mfumo wa ripoti, ukasimamia uhamisho wa picha kutoka seva moja hadi nyingine, ukakaa kwenye kamati ya usalama wa data, hiyo inahesabika. Mwombe akuandikie cheo rasmi leo, hata bila nyongeza ya mshahara.

Hatua ya 5: Mitihani na kalenda yake

Hakuna ubingwa bobezi wa ABR bila cheti cha msingi kwanza. Ukimaliza rezidensi una miaka 6 ya kuhesabiwa kuwa mwombaji halali. Ukizidisha, utaanza kupewa masharti mapya. Kuna badiliko moja linalowagusa walioanza rezidensi mwaka 2023 na baada yake: kuanzia mwaka 2028 mtihani wa mwisho wa cheti cha msingi unarudi kuwa wa mdomo. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu baada ya Kichaga na Kiswahili, hilo ni jambo la kujiandaa nalo mapema. Soma kesi kwa sauti kila siku, mbele ya mwenzako asiye na huruma. Waliopita mitihani ya mdomo ya MMed, shahada ya ubingwa, nyumbani wana faida hapa, kwa kuwa wameshazoea profesa anayekaa kimya baada ya jibu.

Mtihani wa nyuklia usome kutoka kwenye kazi kwenda kwenye kitabu. Wanaoufeli, kwa ninaowafahamu, waliangushwa na fizikia, usalama wa mionzi na ubora wa mashine kuliko picha. Hakikisha unajua kumsafishia mtu aliyemwagikiwa na dawa kwa kufuata hatua, kusoma picha ya kamera yenye mrija mbovu, na kutaja kipi kinaripotiwa wapi na kwa muda gani dozi ikikosewa.

Ukishapata cheti, hukiweki ukutani ukakisahau. Tangu 2019 ABR hutuma maswali ya mtandaoni mwaka mzima, na unajibu 52 kwa mwaka. Ukiwa na ubobezi, maswali yake yanachanganywa humohumo. Mimi huyajibu Jumamosi kabla ya chai.

Hatua ya 6: Viza

Wengi wetu tuko kwa J-1. Ukomo wake kwa mafunzo ya udaktari ni miaka 7, na baada yake unatakiwa kukaa nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba viza za kazi, isipokuwa umepata msamaha. Intaneshipu 1 na rezidensi 4 ni miaka 5, kwa hiyo feloshipu ya mwaka inaingia bila shida. Wanaosema "ruka feloshipu, viza itaisha" wanakutisha bure.

Anayefaidika kweli kwa kuuruka mwaka ni anayetaka msamaha wa Conrad 30. Kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, nawe unaahidi kufanya kazi miaka 3 kwenye eneo lenye upungufu wa madaktari. Majimbo mengi huwapa kipaumbele madaktari wa huduma za msingi, kwa hiyo mtaalamu wa radiolojia husubiri mabaki. Hospitali ya vijijini inayokuombea nafasi hiyo inataka mtu anayesoma kila kitu, na ikisikia kwamba huyuhuyu anaweza pia kuandikwa kwenye leseni ya nyuklia, ombi lako linapata maneno ya kuandikwa. Nimeona hilo likifanya kazi.

Ukirudi nyumbani

Cheti cha ABR hakikupi leseni Dar es Salaam wala Nairobi. Tanzania utapeleka vyeti Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, na kila baraza lina taratibu zake za kukutambua kama bingwa au bingwa bobezi. Swali litakalokuja ni "feloshipu ulisomea wapi?", na jibu la "sikusoma, ilikuwa ndani ya rezidensi" linahitaji karatasi. Kabla hujapanda ndege, omba mkurugenzi wa programu akuandikie barua inayotaja miezi 16 kwa tarehe, rotesheni kwa rotesheni, yenye mhuri. Kwetu mhuri unasikilizwa.

Kwa mionzi kuna mlango wa pili: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye ofisi Arusha, na kwa Kenya ni KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Zile fomu ulizosainiwa wiki ya mwisho, na ukurasa wa jumla wa daftari lako, ndivyo vitakavyosomeka vizuri mezani kwao, hata kama si fomu zao.

Kazi ipo. Hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, zina tiba ya nyuklia, na Aga Khan Nairobi wana PET (kamera ya kupiga picha kwa dawa za mionzi) na mashine yao ya kuzalishia dawa, jambo la lazima, kwa kuwa florini-18 hupungua nusu kila dakika 110 na haingojei foleni ya Mombasa Road. Lakini tegemea kwamba nyumbani jenereta inakuja kwa ndege. Molibdenamu ikikaa karibu siku tatu uwanjani kungoja karatasi, nusu yake imeshakwenda, na wagonjwa waliofunga tangu jana wako kwenye benchi. Kwa hiyo wiki ya kwanza kazini, kabla ya kuomba kamera mpya, mtafute ofisa wa forodha anayeshughulikia mizigo ya mionzi, ujue jina lake, namba yake, na siku zake za zamu.